Tone Lililokataa Kulala

1 Desemba

Mke wangu Beryl amenipa daftari hili asubuhi. Kaliweka juu ya mkate wangu kabisa, ili nisilikwepe. "Andika," kasema. "Masikio yangu yamestaafu."

Haya basi. Mimi ni Merv Trezise, na huku kaskazini ya Adelaide hakuna mtu aliyezishika mashine nyingi kunishinda. Nimefunga injini za magari mpaka kiwanda chenyewe kikafungwa. Nimefika Singapuri mara mbili. Nimekula mamba mjini Darwin, na mamba hakusema kitu. Shule niliiacha kabla haijaniacha. Sasa naendesha mashine moja tu, lakini hiyo ni malkia. Tunamwita Bi Zambarau. Ni pipa la chuma lenye kidirisha. Unatia plastiki ndani, unanyonya hewa yote, unapuliza gesi kidogo, halafu unaichokoza kwa umeme. Gesi inapagawa, inang'aa zambarau. Wasomi wanaiita plazma. Ya kule juani ingekuyeyusha wewe na viatu vyako. Hii yetu ni baridi, haiunguzi hata karatasi. Inaiparua plastiki juu juu tu, kiasi ambacho jicho halioni, na plastiki iliyozaliwa na chuki ya maji inaamka inayapenda.

Plastiki yenyewe ni wavu mwembamba kama utando wa buibui, na mwilini unayeyuka polepole. Unawekwa ndani ya kidonda kilichokataa kupona, na nyama mpya inatambaa juu yake kama mzabibu kwenye waya. Wavu ukiyakataa maji, nyama nayo inaukataa wavu. Basi. Daktari Stav, mwenzangu wa kazini, alikaa chuoni miaka kujua hayo, mimi nimeyamaliza kwa aya moja.

Kipimo chake hata Beryl anakiweza. Unadondosha tone la maji juu ya wavu. Likitandazika, tunasema limelala: kazi safi. Likibaki duara kama jicho la samaki, limesimama: tupa.

Sasa Clarrie. Clarrie Nankivell tumekuwa naye tangu tukiwa na nywele. Ana sukari, na kwenye kisigino cha kulia ana kidonda ambacho kimefunguka kama mdomo na hakifungi. Daktari wa mishipa kamwambia kikiwa bado wazi baada ya Pasaka, mguu unakatwa chini ya goti. Hospitali itaanza kuzijaribu nyavu zetu mwezi wa Machi, na jina la Clarrie limo. Sharti ni moja: sisi tupeleke fungu zima lililopita kipimo kabla Februari haijaisha. Jana klabuni, mbele ya watu wote, nilipiga meza nikasema, "Clarrie, huo mguu niachie mimi!" Watu wakanishangilia. Bia tatu za bure.

2 Desemba

Nilisahau kuandika habari ya sikio langu. Mwezi uliopita daktari wa ngozi alilikata kipande cha juu, la kushoto, saratani ya ngozi. Sababu? Jua. Kwa hiyo leo nimepeleka kazini kopo kubwa la losheni ya jua, lile lenye pampu, nikaliweka mlangoni pa kutokea, na juu yake nikabandika karatasi: PAKA AU UKATWE. Nimechora na sikio. Stav kacheka. Hacheki mara nyingi.

5 Desemba

Jua kali. Tone limesimama.

6 Desemba

Jua. Limesimama tena. Nilimwambia Stav gesi ni mbovu, wameturushia mtungi wa mwisho wa ghala. Yeye kasema, "Tutaona." Nalichukia neno hilo.

9 Desemba

Mawingu mchana kutwa. Tone limelala kama mlevi kwenye kochi! Nilikuwa nimebadilisha mtungi wa gesi asubuhi. Nimempigia Clarrie. "Nimeshalipata tatizo."

"Lilikuwa nini?"

"Gesi."

"Wewe mwenyewe una gesi ya kutosha, Merv, ungetumia hiyo."

12 Desemba

Jua. Limesimama. Mtungi ni ule ule mpya.

13 Desemba

Limesimama. Sina la kuandika ambalo Beryl angeruhusu.

18 Desemba

Nimegombana na Stav. Jina lake kamili ni Daktari Stavroula Kanaris, na baba yake alikuwa na duka la samaki wa kukaanga hapo Port Adelaide, lakini ukimwona na miwani yake utadhani alizaliwa ndani ya kabati la vyombo vya maabara. Yeye ndiye anayepanga nyavu kwenye sinia, mimi naendesha mashine. Leo sinia zima limeharibika. Nikasema sauti ya juu kidogo kwamba labda anayepanga hajui kupanga.

 Kavua glavu, kaenda kula chakula chake ndani ya gari lake, kama kila siku. Mtu gani anakula ndani ya gari na nje kuna meza, mti na mimi?

25 Desemba

Krismasi. Kamba baridi, nyama ya nguruwe, bia. Clarrie kaja kwetu, kaweka mguu juu ya kiti cha peke yake. Bandeji inanuka sasa. Kila mtu mezani alijifanya hasikii harufu, na Beryl akawasha mshumaa wa limau, eti kwa ajili ya nzi.

Tulipobaki wawili Clarrie kaniuliza, "Niambie kweli. Inaendaje?"

"Inaenda."

"Inaenda wapi?"

Nikampa kipande kingine cha nyama.  

7 Januari

Tumerudi kazini. Nyuzi joto arobaini na moja. Tone limesimama wima kama askari.

Nina nadharia mpya: ni joto. Desemba tone lililala siku ya mawingu, siku ya baridi. Jua likiwaka, linasimama. Mtoto angeona. Nimemweleza Stav kwa kuchora. Katazama mchoro muda mrefu, kasema, "Chumba kina kipoza hewa, Merv. Humo ndani ni nyuzi ishirini na mbili mwaka mzima."

"Mashine inajua hali ya nje," nikamwambia. "Mashine ina hisia."

Kasema, "Tutaona."

8 Januari

Nimeleta feni tatu kutoka nyumbani na ndoo za barafu. Nimemzungushia Bi Zambarau kama mgonjwa wa homa. Limesimama.

9 Januari

Limesimama. Barafu imeyeyuka, Stav kateleza. Hakuumia. Kaokota miwani yake, kaendelea kupanga nyavu, na hilo ndilo lililoniuma.

16 Januari

Siku ya ajabu. Mawingu mazito yamefunika mji, lakini joto halikushuka, nyuzi thelathini na nane, shati limenigandia mgongoni toka asubuhi. Nikajua litasimama. Lote limelala. Sinia zima, pembe kwa pembe. Stav karudia mara mbili, halafu kanitazama, nami nikatazama feni zangu.

"Basi si joto," kasema.

"Basi si joto," nikasema. Nadharia yangu imekufa na hata mazishi hakuna.

Jioni nimezirudisha feni. Beryl kauliza, "Zimefaulu?" Nikamwambia zimestaafu, kama masikio yake.

17 Januari

Jua. Limesimama.

24 Januari

Stav kapeleka vipande vibovu kwa rafiki yake mwenye mashine kubwa inayosoma kilichoko juu kabisa ya kitu. Majibu yamekuja leo: silikoni. Kuna utando wa silikoni juu ya wavu, mwembamba usioonekana. Silikoni ni jamii ya vitu vya kuteleza. Haitoki kirahisi hata ukinawa, inatambaa, na inayachukia maji kama paka. Ikishatangulia juu ya wavu, plazma inaipamba silikoni badala ya kuupamba wavu.

Stav kaniita. Kasema kwa upole, na ule upole ndio ulioniudhi: "Mipira ya kuziba hewa kwenye mlango wa mashine. Nani anaipaka grisi?"

Mimi ndiye ninayeipaka grisi. Mimi peke yangu. Na grisi ninayotumia haina silikoni hata chembe. Nilimwonyesha kopo. Kasoma maandishi mpaka ya chini kabisa.

"Labda ulitumia nyingine siku moja ukasahau," kasema.

Hapo nilisema mengi. Nilisema nilikuwa nafunga injini yeye akiwa bado ananyonya. Nilisema mkono huu haujawahi kukosea kopo. Nikasema anayekula peke yake ndani ya gari ana sababu ya kujificha. Hilo la mwisho halikuhitajika. Kasema, "Nampigia mama simu saa sita. Anasahau kula nisipompigia. Sipendi watu wasikie nikimbembeleza kwa Kigiriki."

Nikatoka nje. Nilijipaka losheni mikono yote na sikio lililobaki, nikakaa chini ya mti mpaka hasira iishe. Haikuisha. Ilinigeukia tu.

25 na 26 Januari

Jumamosi na Jumapili, sikukuu inakuja, watu wote wanachoma soseji. Mimi na Stav tumemfungua Bi Zambarau nati kwa nati. Mipira yote ya mlango mipya. Tumesugua pipa ndani mpaka nikaona uso wangu, na uso wenyewe ni wa mzee. Stav anajua kushika spana kuliko nilivyodhani. Kaleta pai za jibini alizopika mama yake. Nimekula nne. Nikamwomba radhi kwa lile la gari. Kasema, "Kula ya tano, tutakuwa sawa."

28 Januari

Jua. Mashine mpya kabisa. Asubuhi limelala! Nikapiga kelele mpaka mafundi wa gereji ya jirani wakachungulia. Baada ya chakula cha mchana, limesimama.

Limesimama. Kwenye pipa lililosuguliwa, na mipira mipya, na gesi mpya. Nimekaa sakafuni. Stav naye kakaa sakafuni. Tulikaa hivyo kama watu waliokosa treni.

4 Februari

Limesimama.

5 Februari

Limesimama.

6 Februari

Clarrie kalazwa. Homa, kidonda kimeingia wadudu. Nimeenda kumwona. Wamemtundikia dawa ya mshipani na anaonekana mdogo kitandani, yeye aliyekuwa beki wa kutisha enzi zetu.

Nilianza, "Sikiliza, tunakaribia kabisa..."

"Merv." Kanikata. "Nyamaza kidogo."

Nikavuta kiti.

"Kila ukiniambia mnakaribia, nalala nikiuona mguu huu unacheza. Halafu unakuja na uso huo. Usiniahidi tena. Njoo tu, kaa, tazama kriketi."

"Nilitaka kukutia moyo."

"Moyo ninao. Tatizo ni kisigino."

Tukatazama kriketi. Wetu walikuwa wanapigwa. Muuguzi alipopita, Clarrie kamwambia, "Dada, huyu ukimpa sindano ya usingizi tutapumzika wodi nzima." Wodi ikacheka. Mimi pia nilicheka. Kwenye maegesho ya magari nilishika usukani muda mrefu bila kuwasha injini. Nimejisifu maisha yangu yote, na watu wakanunua bia. Sikujua kuna mtu alikuwa ananunua kwa usingizi wake.

12 Februari

Limesimama. Hospitali wamemwandikia Stav: mwisho wa mwezi haubadiliki.

15 Februari

Nimepata. Naandika mbio, Beryl kanishikia daftari lisihame.

Leo ilikuwa mashindano ya klabu, kuviringisha mipira kwenye nyasi, na mimi nacheza nafasi ya Clarrie. Jua lilikuwa la kuchoma, nimejipaka losheni mpaka nikameremeta kama bata wa sikukuu. Clarrie, aliyetoka hospitali juzi, kakaa kivulini na mguu wake, kazi yake kunizomea. Katikati ya mchezo likaja wingu moja la kihuni kutoka baharini, na mvua ya matone makubwa, ile ya dakika mbili. Watu wakakimbilia ndani. Mimi nilikuwa nimeinama na mpira mkononi.

Clarrie kapiga kelele kutoka kivulini: "Hata mvua haikutaki, Merv! Tazama inavyokuruka!"

Nikatazama mkono wangu. Matone yalikuwa yamesimama. Juu ya ngozi yangu, kila moja duara, kila moja na kitako chake, kama jicho la samaki. Nilitikisa, yakaviringika yakaanguka, mkono mkavu. Nimelitazama tone la namna hiyo tangu Desemba. Ningelitambua hata gizani.

Losheni. Siku za jua tunajipaka, siku za mawingu hatujipaki. Asubuhi mikono misafi, baada ya chakula mikono ina losheni. Unaingia, unavaa glavu kwa vidole vilivyopakwa, na vidole vinagusa glavu kwa nje. Glavu inagusa sinia. Nimekimbia hadi kwenye begi langu nikasoma kopo dogo la losheni ile ile, yale maandishi ya kumpofusha mtu. Limo neno refu. Nimempigia Stav nikamsomea herufi kwa herufi.

 Kisha kasema, "Hiyo ndiyo silikoni, Merv. Ndiyo inayoifanya iteleze vizuri."

"Kopo lile pale mlangoni ni langu," nikasema.

"Najua."

"Na karatasi ni yangu."

"Najua. Umechora sikio." Halafu nikasikia anacheka, na katikati ya kicheko ni kama analia. "Mimi sikuwahi kujipaka kitu kabla hujaja na kopo hilo. Nilianza kwa sababu yako. Kila nikienda kwenye gari kumpigia mama, napaka, maana nilijua unachungulia dirishani."

Kweli nilikuwa nachungulia.

Nyani haoni kundule. Nimeilaumu gesi, nimelilaumu joto, nimemlaumu binti wa watu, na muda wote kopo lilikuwa mlangoni limevaa maandishi yangu.

17 Februari

Kopo limehamia nje, kwenye boneti ya gari langu. Sheria mpya: ukijipaka, huingii chumba cha mashine siku hiyo. Ukitaka kutoka mchana, mikono mirefu na kofia pana. Tumesugua vitasa, viti, swichi, mpaka kalamu. Stav kavaa shati la marehemu baba yake linalomfika magotini. Mimi nimevaa kofia ya Beryl ya bustanini, yenye maua. Jirani wa gereji kauliza kama tunafunga ndoa.

18 Februari

Jua kali kupita yote. Asubuhi limelala. Mchana limelala.

19 Februari

Limelala.

20 Februari

Limelala. Sikupiga kelele. Naogopa kuliamsha.

27 Februari

Fungu lote limepita na limeondoka. Stav kalifunga mwenyewe. Lori lilipokata kona kanishika bega, kasema, "Twende tukale nje, mezani." Tukala chini ya mti. Saa sita kampigia mama yake, kwa Kigiriki, mbele yangu. Nilijifanya sisikii, kazi ngumu kuliko zote za kiangazi hiki.

3 Machi

Nilidhani yamekwisha. Hayajaisha!

Stav kanieleza leo, kwa utaratibu, kwa sababu ananijua. Katika majaribio ya hospitali, nusu ya wagonjwa watawekewa wavu wetu uliopita kwa Bi Zambarau. Nusu nyingine watawekewa wavu ule ule, wa kiwanda kile kile, ambao haukupita. Kwa macho ni mamoja. Mgonjwa hajui, muuguzi hajui, sisi hatujui. Namba zimefungiwa mahali mpaka mwisho.

"Clarrie atapata wetu," nikasema.

"Labda."

"Stav!"

"Labda, Merv. Wote watasafishwa kidonda na kuangaliwa kila wiki, hata hilo pekee linaponya wengine. Ndiyo maana lazima tujue kilichoponya ni nini. Mmoja akijua chake ni kipi, hesabu yake inaoza. Wakijua wengi, tumefanya kazi hii yote bure, na hakuna mwenye kisigino atakayeupata wavu huu baada ya hapa."

Kiangazi kizima nimepigana na tone la maji. Nimevaa kofia ya maua. Na mguu wa rafiki yangu unarushwa kama sarafu.

11 Machi

Muuguzi kaja nyumbani kwa Clarrie leo, tukakaa jikoni, mama mmoja anaitwa Glenys, mikono kama ya mpiga kinanda. Kasafisha kidonda. Nimekitazama kwa mara ya kwanza na sitakiandika. Kafungua pakiti, kaukata wavu kwa umbo la kisigino, kauweka, kafunga. Pembeni kwenye sinia likabaki pande dogo la wavu, ukubwa wa ukucha wa gumba. Simu yake ikalia, katoka barazani.

Tukabaki sisi watatu: mimi, Clarrie, na hilo pande.

Kidondoshi changu cha maji huwa mfukoni mwa shati. Clarrie anakijua, nimewaonyesha klabu nzima.

"Merv," kasema kwa sauti ya chini. "Weka tone."

Mikono yangu ilishafika mfukoni. Tone moja. Likilala, nitacheza muziki humu jikoni. Likisimama... nikamtazama Clarrie. Hakuwa anatania. Ndiye aliyenikataza ahadi, na sasa yeye anaiomba.

"Nikijua mimi," nikasema, "Beryl atajua kabla ya chai. Beryl akijua, klabu itajua kesho."

"Tutanyamaza."

"Wewe utanyamaza. Mimi ni Merv."

Kafikiri. "Kweli," kasema. "Wewe ni Merv."

Lakini macho yake yalibaki kwenye sinia, na yangu pia, na Glenys alikuwa anaaga kwenye simu. Nilijijua. Nikiliacha pale nitaweka tone. Nikilitia mfukoni nitaweka tone nyumbani. Kwa hiyo nikalichukua, nikalitia kinywani, nikalisukuma na chai ya Clarrie iliyokuwa imepoa.

Clarrie kaangua kicheko mpaka mguu ukaruka kwenye kiti. "Umemla mamba, sasa unakula mguu wangu!"

"Linayeyuka mwilini," nikamwambia. "Nimelitengeneza mwenyewe. Au sikulitengeneza."

Glenys karudi, katazama sinia, katutazama sisi. "Lile pande liko wapi? Natakiwa kuandika limetupwa wapi."

"Andika limehifadhiwa," kasema Clarrie, akijifuta machozi. "Mahali ambapo hakuna kitu kilichowahi kukaa siri."

Nimerudi nyumbani, Beryl kauliza, "Habari za huko?" Nikasema nzuri. Kasubiri. Nikakata mkate, nikapaka siagi. Kaniwekea mkono kwenye paji la uso kuona kama nina homa.

Pasaka bado mbali. Kwa mara ya kwanza toka nizaliwe nina siri moja tumboni, na hata mimi mwenyewe siijui.